Komeo Liko Upande Gani

4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na kile kikohozi cha vumbi la mbao, umekifukuza au bado mnaishi pamoja? Mimi sijambo, ila sauti imekwisha. Watoto arobaini na mmoja wa darasa la pili si mchezo.

Nina shida. Mwezi ujao shule yetu inaadhimisha siku ya kukomeshwa kwa utumwa, na mwaka huu zamu ni ya darasa langu. Wazazi watakuja. Mwalimu Mkuu amenipa ukurasa mmoja wa kuwasomea watoto: hapo zamani walikuwepo watumwa, mtawala akatia saini karatasi, watumwa wakafurahi, wakaimba, wakashukuru. Basi.

Nikausoma. Binti mmoja wa dawati la mbele, tunayemwita Bi Maswali, akanyoosha kidole. "Mwalimu, huyo aliyetia saini si ndiye mkubwa wa hao waliowafungia watumwa?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa mbona sisi ndio tunamwambia asante?"

Baba, nina cheti cha ualimu na miaka kumi na mitano kazini. Nilitafuta kiti nikakaa.

Nimewatuma wakaulize nyumbani: utumwa ulipokwisha, watu wenu walikuwa wapi? Wakanigeukia wote: "Na wako, mwalimu?" Nikawaahidi nitauliza nyumbani kama wao. Najua bibi yako aliyekulea alikuwa mtoto mdogo siku hizo. Najua pia kwamba katika useremala wako wote hujawahi kufunga komeo upande wa nje wa chumba cha mtu, na kwamba mwiko huo ulitoka kwake. Kwa nini? Niandikie.

Mwanao,
Mwalimu


12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo. Kikohozi kimehamia kabisa, kimeleta na virago.

Mtoto wa miaka saba afundishwe kuhesabu, kusoma na kupenga kamasi. Waliokuwa watumwa wamezikwa, waliowafunga wamezikwa, na wewe unakwenda makaburini na jembe. Kufukua ni kazi ya fisi. Ukoo wetu ni ukoo wa mafundi. Babu yako fundi, mimi fundi, na wewe ungekuwa fundi kama usingeogopa patasi. Waambie hivyo, inatosha.

Komeo la nje linaota kutu kwa mvua. Ndiyo sababu, na hakuna nyingine.

Kiti chako ninachokutengenezea kina miguu mitatu mpaka sasa. Wa nne mbishi kama wewe.

Usiniulize tena.

Baba yako


16 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo, hata kama umenuna. Kikohozi kipe tangawizi, nami nipe ukweli.

Kutu, Baba! Chumba cha kulala kiko ndani ya nyumba, mvua inakipatia wapi? Nilikuwa na miaka tisa, nimekushikia msumeno. Yule mama wa nyumba kubwa alitaka komeo kwenye chumba cha msichana wake wa kazi, kwa nje. "Asije akanitoroka," alisema. Ulikusanya vifaa vyako kimoja kimoja, ukamwambia, "Mama, mtu si kuku," tukaondoka. Njiani nikakuuliza sababu, ukaninunulia pipi. Ile pipi nimekwisha kuimaliza, Baba. Nijibu.

Watoto wameleta hadithi zao. Mtoto wa fundi viatu alirudi na macho mekundu. "Mwalimu, babu anasema sisi ndio tuliokuwa tunafungia watu." Bi Maswali akamwangalia juu hadi chini. "Wewe mwenyewe umemfungia nani?"

"Sijamfungia mtu."

"Basi sogea nikae."

Kama huyo amethubutu kusema la kwao, mimi mwalimu wake nitajificha wapi? Lakini hadithi ni ya bibi yako na mlinzi wake ni wewe. Bila ruhusa yako sitaisimulia. Ijumaa tarehe 13 Machi nitasimama mbele ya wazazi na ule ukurasa, niwafundishe watoto arobaini na mmoja kusema asante.

Mwanao


2 Machi

Baba,

Shikamoo. Wiki mbili kimya. Kondakta wa basi anasema amekuona unaranda mbao huku unasema peke yako. Ukimaliza kugombana na mbao, njoo ugombane na mimi.

Siku zimebaki kumi na moja.

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na zile shikamoo mbili nilizokuwekea kinyongo nazo marahaba. Sijambo. Kondakta aache umbea.

Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu wetu aliuliza kama wewe ulivyouliza, nami nikasimama kwa fahari nikasimulia ya bibi yangu kama alivyonipa, neno kwa neno. Kufika mapumziko jina langu limekuwa Mtumwa. "Mtumwa, lete mpira!" "Mtumwa, chota maji!" Mwalimu alisikia, akacheka nao. Mwaka haukwisha, nikaacha shule nikashika randa. Mbao hazijawahi kumpa mtu jina. Uliponiuliza ile siku nilikuona na miaka yako tisa, na shule yako unaipenda hivyo, nikaona heri pipi.

Sasa sikiliza.

Bibi alikuwa na miaka saba, rika la hao wako. Yeye na mama yake walilala chumba kimoja na wanawake wengine sita, komeo nje. Jioni wanakomewa, asubuhi wanakomolewa, na mfunguaji hakuwahi hata siku moja kupiga hodi. Basi asubuhi moja mpiga mbiu akatangaza sokoni kwamba utumwa umekwisha. Mama yake bibi alikuwa na ndoo ya maji ya watu kichwani. Akaitua pale pale katikati ya njia. Akarudi, akachukua mchi wa kinu, akalipiga lile komeo mpaka likang'oka na misumari yake, akalifunga kwenye pindo la nguo, akamshika mtoto mkono. Msimamizi akapiga kelele: "Mwizi! Anaiba komeo!"

"Hili limenilinda mimi miaka kumi," akamjibu. "Leo zamu yangu kulilinda."

Nyumba yake ya kwanza ilikuwa na kuta na mlango, paa bado. Komeo akalifunga kwa ndani. Majirani wakafa kwa kicheko: "We mama, nyumba haina paa, komeo la nini?"

"Mvua na iingie, haina adabu. Mtu atapiga hodi."

Kisha akamwambia bibi, "Komea." Akakomea. "Komoa." Akakomoa. "Sasa fanya upendavyo." Bibi akashinda mlangoni siku nzima, kra, kra, kra, mpaka jirani akaja kuomba, kwa hodi, masikio yapumzike.

Saini ilitiwa, sikatai. Lakini karatasi haina mikono, na wenye kalamu wamejisifia vya kutosha. Simulia. Asante wampe mwenye mchi.

Komeo lenyewe lilikuwa kwenye mlango wa chumba changu. Unalijua, umelishika mara elfu. Nimeling'oa, kondakta anakuletea. Kutu ipo kweli, sikusema uongo mtupu. Usiisugue.

Baba yako


17 Machi

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo tena! Hujambo wewe na mgongo wako? Mimi nina furaha mpaka naandika vibaya.

Alhamisi nilikaa nikalia kidogo, kisha nikaazima bisibisi kwa mlinzi wa shule nikalifunga mwenyewe kwenye mlango wa darasa, kwa ndani. Limepinda, usinicheke.

Ijumaa niliwasimulia watoto kabla wageni hawajaingia. Nikawaambia na lile jina ulilopewa shuleni, na aliyecheka. Sikumaliza vizuri, mlango ukagongwa kama unavunjwa. Bi Maswali alikuwa amekwisha kudandia dawati na kukomea.

"Fungueni! Nina wazazi hapa!"

"Piga hodi!" wakajibu arobaini na mmoja.

"Mimi ni Mwalimu Mkuu!"

Bi Maswali akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo. "Tunakujua. Piga hodi."

Nikaiona barua ya uhamisho inachapwa. Halafu mzazi mmoja huko nje akacheka, wakacheka wote, na ile sauti nene ikasema, polepole, "Hodi."

"Karibuuu!"

Nilimpa mtoto wa fundi viatu heshima ya kufungua. Akaburuta kiti, akapanda, akahangaika, akatuangalia, akakomoa. Kra! Babu yake aliingia wa kwanza. Alilishika komeo, akamshika mjukuu kichwa, akaenda kukaa.

Mwalimu Mkuu amechukua ukurasa wake. Jana alipiga hodi kwenye darasa ambalo mlango wake ulikuwa wazi.

Watoto wanakutaka. Bi Maswali amenituma nikuulize hivi, nanukuu: "Waliomcheka bado wapo? Waje hapa." Utakuja?

Mwanao,
Mwalimu


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo kabisa, na kikohozi nimekiambia kibaki nyumbani kilinde, maana nakuja. Basi la Jumanne. Nakuja na kiti chako, miguu minne.

Nakuja pia na kisanduku cha vifaa. Barua yako nimeisoma mara nne, na mara zote nne nimekwama pale mtoto alipopanda kiti. Umelifunga juu mno! Kosa ni langu, kuna jambo nililisahau. Mama yake bibi alilifunga chini, usawa wa kifua cha bibi, yeye mwenyewe akawa anainama kila siku mpaka uzeeni. Majirani walilicheka hilo pia. Akawaambia mlango ambao mtoto hawezi kuufungua, kwake yeye komeo bado liko nje.

Mpime yule mfupi kuliko wote, uniwekee alama ya chaki mlangoni. Nikipiga hodi asikimbilie kunifungua. Nitasubiri, nataka kulisikia komeo likilia.

Baba yako