Foleni ya Sirari Iko Hadi Angani

Mama, shikamoo. Natumaini mguu umepona na umerudi kwenye meza yako ya chai pale Sirari, maana madereva wa malori wakikukosa hawana raha. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uholanzi inanionea.

Mdogo wangu Bhoke alinifikishia swali la baba: je, nimesafiri au nimehama? Najua kwa nini anauliza. Mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee, na boma linanisubiri. Kwanza nikueleze kazi yangu, ndipo utaelewa jibu.

Tunasikiliza gesi iliyo mbali kupita akili, kwa dishi pana kuliko boma letu. Haionekani ikitembea. Mawimbi ya redio inayoyatoa yakibanana, inatujia; yakirefuka, inatukimbia. Na jua letu nalo linakimbia, kwa hiyo ni lazima kwanza tuutoe mwendo wetu wenyewe kwenye hesabu. Katika kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo, nyota na gesi zimejipanga kwa mikono iliyojizungusha, kama maziwa unapoyakoroga kwenye chai.

Hapo ndipo nilipochemsha. Kila wingu la gesi nililolikuta kwenye mkono, niliandika ni la mkono huo tangu kuzaliwa hadi kufa. Mkurya gani angewaza vingine? Kwetu mtu hata akizeekea Mwanza, ukoo wake ni uleule. Hesabu zikagoma mwezi mzima, mpaka mkuu wangu, mama mmoja mpole, akaniuliza, “Nani kakuambia gesi inakaa hapo?”

Mama, nilishika kichwa. Gesi inapita tu! Inaingia, inasongamana, inazaa nyota, inatoka na kuendelea na safari. Mkono unabaki, waliomo wanabadilika. Ni foleni yako ya malori hapo mpakani: ipo miaka yote, lakini lori la asubuhi jioni liko Kisii. Nilikaa mbele ya kompyuta machozi yananitoka, naogopa na kufurahi kwa pamoja. Hata jua letu, na Tarime yote mgongoni, hupita humo.

Sasa wamenipa kazi ya kudumu, niichore upya gesi yote hiyo. Baba atasema nimerogwa. Mimi nasema nimeona kitu nisichoweza kukiacha.

Nisalimie Bhoke na wanafunzi wake wa Kerende. Shangazi wa Isebania mwambie kofia aliyonifumia naivaa hadi ndani ya nyumba.

Jibu la baba ni hili: nimehama. Mwambie hivyohivyo, usilipambe. Akinyamaza, usimsemeshe. Nipigie tu simu, uiweke karibu naye, niusikie ukimya wake.

Mwanao akupendaye,
Marwa