Baba Mukwe Anataka Nichague Upanga

Mpendwa Mama Umurerwa,

Nakusalimu kutoka hapa Mabanga, na naomba msaada wako katika gazeti mbele sijaharibu ndoa ambayo haijaanza, maana nimefika mahali sijui tena kama nilie ao nicheke, na marafiki wote niliowauliza wao walichagua kucheka.

Jina langu ni Théogène, niko na miaka makumi tatu, wazazi wangu ni watu wa Rutshuru, na kazi yangu, kusema ukweli, ni nyingi: natengenezaka simu, napigaka picha kwa mandoa, siku ingine naendesha moto, pikipiki ya kaka yangu, na siku ya Mungu napiga kinanda kwa korali ya kanisa. Niko na fiancée, muchumba wangu Daniella, anasukaka nywele kwa salon yake mwenyewe hapa hapa kartie, mutaani kwetu, na tunapendana vizuri, hakuna shida kati yetu, shida ni baba yake, Papa Kakule, na hata yeye si mutu mubaya, shida ni muchezo, na huo muchezo, Mama, ni mimi niliuingiza katika nyumba yao.

Ilikuwa hivi. Papa Kakule ni mutu wa Butembo, ameuzisha maharagi maisha yake yote, si mahindi, si muchele, maharagi tu, na siku moja akitoka ndani ya boti pale Kituku, bandarini, aliteleza, akavunjika muguu, wakamufunga plâtre, ile plasta ngumu, akabaki kwa kiti akigombeza kila mutu, hata kuku. Basi mimi, kwa kutafuta neema mbele ya baba mukwe, nikamuletea console yangu, mashini ya michezo, nikaiunga kwa télé yao, nikamuonyesha muchezo mumoja wa ufalme wa zamani, wenye wachawi na majitu na watu wa mapanga. Wewe usiyeucheza, acha nikueleze: ndani yake unajiumbia mutu wako, na kila akishinda jambo anapewa pointi, na wewe njo unachagua utaziweka wapi, kwa nguvu, kwa upanga, kwa uchawi, kwa kuponya, kwa kupika, kwa kufungua kufuli, na pointi ukishaiweka haitoki tena.

Mutu wangu mimi nimemuwekea kidogo kidogo kila mahali, maana sipendi kufika mbele ya mulango nikose namna. Papa Kakule yeye akavaa miwani, akasoma ufundi wote polepole, akaweka kidole kwa télé.

"Hii 'maneno' ni nini?"

"Papa, ni kujua kusemezana na watu, kupunguza bei, kuwabembeleza wasikupige."

"Weka zote pale."

"Zote, Papa? Hata moja kwa nguvu?"

"Kijana, mimi nimepitisha malori ya maharagi kwa barabara ambayo wewe unaisikia tu kwa redio, na sijapiga mutu hata siku moja. Zote!"

Na Mama, ikamufaa! Wezi wa njiani aliwasemesha mpaka wakamubebea muzigo. Muchawi mumoja aliyeniua mimi mara nyingi, Papa Kakule alizungumuza naye kidogo, muchawi akaomba musamaha na kumupa farasi. Wakati huo mimi nimekwama kwa daraja, kuna jitu pale linakataza watu kupita, na upanga wangu ni mudogo kwake, na uchawi wangu unamuchekesha. Basi muzee akaanza kunifundisha maisha, "unaona, Théogène, mutu wa kila kitu ni mutu wa bure," mbele ya Daniella, mbele ya wateja wa Daniella, hata mbele ya mutu aliyekuja kuomba maji.

Kiisha, siku moja mchana, simu inalia, ni yeye, na sauti ya chini kama mutu aliye kanisani wakati wa komunio. "Théogène, uko wapi? Kuja. Usimuambie Daniella." Nikakimbia na moto nikifikiri muguu wake umeharibika. Nikamukuta mbele ya télé na jasho kwa paji la uso. Ndani ya muchezo alikuwa amefika pori, na katika pori kulikuwa nguruwe.

"Nimemusemesha," akaniambia, "hasikie."

"Papa, ni nguruwe."

"Nimemupa hata bei nzuri!"

Ule muchezo unaruhusu watu wawili, nikashika manette ya pili, kile kidude cha kuchezea, nikaingia na mutu wangu wa kidogo kidogo. Nikapika uyoga, nikautegesha kwa mutego, nikapanda muti, nguruwe akaja kula akanaswa, nikashuka na upanga wangu mudogo nikamumaliza, kiisha nikamuponya Papa Kakule ambaye alikuwa amelala chini karibu kufa, akiendelea kusema maneno mazuri. Mama, ule muzee alinishika mukono, macho yake yakiwa na maji, akaniita "mwanangu". Kiisha akakumbuka cheo chake. "Hii maneno ibaki hapa," akasema.

Tangu siku hiyo ananiita. Iko popo, kuja. Iko nyoka, kuja mbio. Mama mukwe anafikiri nakujaka kumuombea muguu, na ananiandalia chai.

Sasa ikafika siku ya kujitambulisha kwa familia. Nilijitayarisha, nilivaa koti, nilijua wataniuliza kabila, kanisa, kazi, nilikuwa na jibu la kila kitu. Hakuna aliyeuliza. Papa Kakule aliwasha télé mbele ya mudogo wake, Papa Adalbert, na tantine Émérance, dada yao mukubwa, akasema, "Tumuangalie huyu kijana, namna anajenga mutu wake." Na mimi na koti langu nikapewa manette nipigane na jitu la daraja.

Tantine Émérance akasogea karibu. "Hii pale chini, kuna chungu, ni nini?"

"Ni kupika, tantine. Niko niveau, ngazi, ya tatu."

"Anapika!" tantine akapiga makofi. "Mumupe mutoto."

"Mwanaume anaweka pointi kwa kupika?" Papa Adalbert akauliza.

"Na kuvua samaki," Papa Kakule akaongeza, kama mutu anayetoa ushahidi kwa tribunal.

Nilikufa pale darajani. Nilirudia, nikakufa tena. Papa Kakule akasimama na fimbo yake. "Upanga nusu, uchawi nusu, kuponya nusu. Binti yangu nimutoe kwa nusu?" Papa Adalbert akamuuliza kama yeye kweli amefika mbali vile peke yake, hakuna aliyemusaidia. "Hakuna!" akasema, na hakunitazama.

Neno la mwisho likawa hili: niumbe mutu mupya, niweke pointi zote kwa upanga, niue lile jitu peke yangu, njo nirudi kuomba tarehe. Nikatoka inje nikamuambia Daniella, aliyekuwa anapakua chakula pamoja na mama yake. Aliniangalia mpaka kijiko kikapoa, akasema, "Basi nyinyi wawili muoane," na tangu pale ananijibu neno moja moja.

Nimejaribu, Mama. Nimeumba mutu wa upanga tu. Hana furaha. Anafika kwa mulango uliofungwa, anabaki kuupiga. Anashika samaki mubichi na njaa inamuuma, hajui kumupika. Nilimuonea huruma nikazima télé.

Sasa unishauri: niseme mbele ya familia yote kwamba Papa Kakule hawezi kuua hata nguruwe, nimuaibishe mbele ya mudogo wake na pengine nimukose Daniella milele, ao nikuwe upanga maisha yangu yote na huku roho yangu ni ya chungu na kufuli? Namba yangu ya simu nimeiandika hapa chini. Unijibu haraka, maana jana amenipigia tena, iko nyuki.

Ni mimi Théogène, Nusu-Nusu wa Mabanga.

—

Mwanangu Théogène,

Pole. Sasa vua koti, ukae chini, maana nitakugombeza.

Niliipiga ile namba yako kwa sababu nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu: Daniella anajua ya nguruwe? Na simu ikapokelewa na Daniella mwenyewe. Wewe fundi wa simu ulisahau simu yako kwa salon yake! Tulizungumuza muda mrefu, akisuka mutu huku ananijibu, na amenikubalia niandike yote hapa, maana baba yake hasomi gazeti, analifungia maharagi tu.

Daniella anajua ya nguruwe. Mama yake anajua. Nyumba yao ni ya mbao, Théogène, wewe umeingia ndani yake mara ngapi? Baba yake akiona popo anapiga kelele mpaka kwa jirani, na kiisha wewe unafika na moto ukivunja breki mbele ya mulango, na mnanongona, na kiisha mnashangilia kama watu waliofunga goli. Hiyo chai mama mukwe anayokuandalia si ya maombi. Anakushukuru kwa sababu siku ukikuja muzee hagombezi kuku. Hata Papa Adalbert anajua, aliambiwa na muke wake, na lile swali lake lilikuwa la kumuchokoza kaka yake. Katika familia ile yote, watu wanaoamini kuna siri ni wawili, na wote wawili wanashika manette.

Kwa hiyo usimuaibishe muzee mbele ya watu. Si kwa sababu ya siri, siri haiko. Ni kwa sababu mutu aliyeuzisha maharagi maisha yake yote, aliyezoea kujitegemea, akiwa na muguu wa plâtre na hofu ya popo, kati ya watoto wake na ndugu zake wote alikuita wewe. Alikuita mwanangu kwa kinywa chake. Alipoona watu alirudisha kiburi chake kama kofia, wazee wanafanyaka hivyo, na mimi ni muzee, najua. Umuachie kofia yake.

Lakini na ule mutu wa upanga umufute leo. Ukimuumba kwa kumudanganya baba mukwe, utamudanganya tena kwa jambo lingine, na utachoka mbele watoto hawajazaliwa. Marehemu mume wangu alikuwa kama wewe, alijua kila kitu kidogo. Redio aliyoitengeneza ilishika Kampala tu, na sisi katika nyumba hakuna aliyejua lugha ya kule. Paa aliloliziba lilihamisha mvua kutoka chumba cha kulala kwenda jikoni. Nilimugombeza miaka makumi mbili na mbili, na leo paa limetengenezwa na fundi wa kweli, halivuji hata tone, na nyumba imenyamaza kupita kiasi. Mutu wa kidogo kidogo si mutu wa bure. Papa Kakule anajua hivyo kuliko wewe, maana ni yeye aliyekuwa amelala chini mbele ya nguruwe.

Sasa mahali muzee ana haki, na usijifiche nyuma ya huruma yangu. Daniella ameniambia simu ya katekista iko kwako tangu Pasaka, imefunguliwa, skrubu zake ndani ya kikombe. Ameniambia picha za ndoa ya rafiki yake hazijatoka na ule rafiki sasa ana mimba ya pili. Ndani ya muchezo tawanya unavyotaka, hakuna atakayelala njaa. Hapa inje uchague kazi moja iwe ya kwanza, na zingine zifuate nyuma. Kama ni simu, ziwe simu. Rudisha ile ya katekista wiki hii.

Kosa lako kubwa umelipita ukikimbia katika barua yako. Umemuuliza Papa Kakule, umemujibu Papa Adalbert, umewauliza marafiki, umeniuliza mimi mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili. Daniella hujamuuliza kitu. Ulitoka inje ukamuambia wanaume wamesogeza ndoa yake kwa sababu ya jitu, kama mutu anayetangaza courant ya umeme imekatika, na yeye ana kijiko mukononi. Unashangaa anakujibu neno moja? Mimi ningekupiga na kile kijiko.

Nilimuuliza yeye anataka nini. Nikasikia muteja analalamika nywele zinavutwa sana. Kiisha Daniella akasema, "Mama, nilikuwa nangoja mumoja wao aniulize mimi." Na hakungoja bure. Yeye na mama yake wamekwisha kuongea na padri. Ndoa ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Tantine Émérance amekwisha kununua kitenge. Papa Kakule ataambiwa siku ya Mungu hii, wakati wa chakula, na mama mukwe ameahidi kwamba muzee atakataa, kwa sababu ni lazima akatae, na kiisha ataulizia bei ya nyama.

Basi fanya hivi. Leo, si kesho, uende kwa salon ukachukue simu yako. Usianze habari ya upanga. Omba musamaha kwa kumusahau yeye katika mambo yake mwenyewe, polepole, hata kama wateja wanasikia, hasa kama wanasikia. Kiisha umuulize, "Unataka tufanye namna gani?", ufunge kinywa, na ungoje jibu mpaka lifike.

Siku ya Mungu, Papa Kakule akikataa, usibishane naye na usimukumbushe chochote. Mukatie nyama, umusogezee chumvi. Akianza tena na pointi, umuambie kwa heshima, "Papa, Daniella amekwisha kukubali," na uendelee kula.

Na ujue kwamba wewe na baba mukwe kamati ya ndoa imewapa kazi tayari. Parokia inaazimisha viti, lakini haivileti. Daniella anasema ni vingi, na plâtre ya muzee inatolewa mwezi wa saba, kwa hiyo hakuna atakayesema anaumwa. Wewe utabeba, baba mukwe atahesabu. Mufike asubuhi, mbele jua halijakuwa kali.

Mama Umurerwa