Nimesoma Ushujaa Miaka Miwili, Jirani Yangu Anashtakiwa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa sababu usingizi sipati na chakula hakipiti, mimi ni mchoma makaa wa kijiji cha Akarnai, nina mke na binti mmoja, Kleito, na kwa miaka miwili nimekuwa nikishuka Athene kumsikiliza mwalimu mmoja anayefundisha sokoni jinsi mtu anavyoweza kuishi vyema na kuwa mwema, na kwa kweli nimeelewa mengi, hasa kuhusu ushujaa, sasa mwezi uliopita moto wa tanuri langu ulinitoroka ukaingia shamba la jirani yangu Fainipo, mzee mjane, ukateketeza kisiki cha mzeituni mtakatifu wa mungu wetu Athena, ambacho sheria inakataza mtu yeyote kukigusa, nikauzima peke yangu nikarudi nyumbani, na sasa Fainipo ndiye aliyeshtakiwa kwamba amekichoma makusudi ili apate nafasi ya kulima, na akishindwa atafukuzwa nchini na shamba lichukuliwe, naye alinijia akaniuliza, “Mwanangu Euktemoni, hukuona moto ulitokea wapi?” nikamjibu, “Moto ni moto, mzee wangu,” akanishukuru akaondoka, nikaenda kwa mwalimu nikamweleza kisa bila kutaja jina, tukajadili tangu asubuhi kama anayekiri kwa kuogopa aibu ni shujaa au ni mwoga wa aina nyingine, tukakubaliana kwamba kwanza tueleze woga ni nini, na hilo ni somo la mwezi ujao, lakini kesi ni keshokutwa, na mke wangu Arkipe ameniambia, “Baba Kleito, miaka miwili unasomea ushujaa, na kuvuka shamba moja kumekushinda?” Je, nikiri kabla sijawa tayari? Na mtu mwema akipoteza kila kitu, bado ameishi vyema?

Euktemoni, Akarnai

Euktemoni,

Pole. Moto kukutoroka ni ajali, ingeweza kumpata yeyote. Kumwambia mzee “moto ni moto” si ajali, ni wewe.

Unauliza kama uko tayari. Makaa ulijifunza kwa kuyachoma, ukaungua vidole, ukachoma tena. Ulidhani wema utaupata ukiwa umekaa? Mwalimu wako huenda ni mtu mzuri, ila shamba linalochukuliwa si lake.

Unauliza pia kama mtu mwema anaweza kupoteza kila kitu na bado akawa ameishi vyema. Anaweza, na itauma, wala sitakudanganya. Lakini kwa sasa unavyo vyote na chakula hakipiti. Hayo ndiyo maisha mema uliyokuwa ukiyasomea?

Basi fanya hivi. Leo, kabla ya chakula cha jioni, nenda kwa Fainipo. Usibebe asali wala jibini. Mwambie kwa maneno machache, kisha nyamaza akutukane mpaka achoke. Kesho nendeni pamoja kwa hakimu, ukiwa na watu wawili waliouona moshi wa tanuri lako siku ile. Sema ilikuwa bahati mbaya, kisha sema ulinyamaza. Usiache hilo la pili. Waamuzi wanaweza kukuhurumia au wasikuhurumie.

Jambo la mwisho. Mkeo naye ameniandikia, mstari mmoja tu: “Asipokwenda yeye, nitakwenda mimi.” Anajua kwamba mahakama haipokei ushahidi wa mwanamke, na kwamba watamcheka mpaka mlangoni. Tayari ameshavaa viatu.

Mtangulie.