Taa ya Kushoto

Jumatatu, 28/4/2025

Leo namba tu. Sajjad, mjukuu wa marehemu Mzee Zulfiqar, anataka ile Morris ya babu yake irudi kama ilivyotoka kiwandani. Injini ishaamka. Sasa kila chuma nakisugua kwa mafuta ya taa mpaka namba itokeze. Mwanzo mwezi, halafu mwaka. Gari ni ya mwezi wa saba, 62. Stata 4-62, sawa. Dinamo 5-62, sawa. Chuma kikiwa kipya kuliko gari, ujue kimebadilishwa. Mie nasoma, Sajjad anaandika.

Haroub yuko pembeni anashona viti, mguu wake mbovu kaunyoosha. Kaniuliza tangu lini mtu wa darasa la tatu akaitwa Mwalim. Kila siku ananiuliza hivyo. Sajjad kacheka mpaka kaangusha kalamu.

Taa ya kulia, 5-62. Ya kushoto nimeifuta. 3-89.

Nikasema 5-62.

Sajjad kaandika. Hakuangalia.

Jumanne, 29/4

Mke wangu Mwanapili hayupo, sina wa kumwambia. Naandika.

Mwaka 90, msimu wa karafuu. Mzee Zulfiqar yuko Dar. Mie kibarua wake, kaniachia funguo nioshe gari. Nikampakia Mwanapili, bado hatujaoana, nimtembeze. Nijifanye mtu! Magharibi, mvua, watu wako msikitini. Kilima cha Tibirinzi — baiskeli. Nilisikia kioo. Mwanapili akasema simama. Sikusimama.

Alikuwa Haroub.

Dereva mmoja, Jaribu, ndiye aliyemkuta. Kampakia kwenye pikapu yake juu ya magunia ya karafuu, kamkimbiza hospitali. Haroub kuzinduka, yumo ndani ya pikapu. Akasema huyu ndiye aliyenigonga. Polisi walimwachia Jaribu. Watu hawakumwachia mpaka leo.

Mie nikatafuta taa ya Landrova, nikaifunga kabla Mzee hajarudi.

Mwanapili hakunisema kwa mtu. Mara moja tu, yuko kitandani anaumwa, kanambia, "Nenda kwa Jaribu." Nikamwambia nitakwenda. Mwaka wa tatu huu yuko kaburini.

Ijumaa, 2/5

Jaribu kaja bandani. Anakwenda Hija, anapita kwa watu kuomba radhi kabla ya safari. Katoa salamu. Haroub kaitika chini chini, kichwa hakukiinua kwenye sindano. Jaribu kasema yeye msafiri, mtu mzima, hajui kama atarudi, kama kamkosea amsamehe.

"Sema ulinigonga. Nikusamehe sasa hivi."

"Sikukugonga, Haroub. Nilikuokota."

"Basi kamwambie Mwenyewe huko uendako."

Jaribu kaondoka. Mie nilikuwa naosha boliti. Boliti moja hiyo hiyo, muda wote.

Jumamosi, 3/5

Sajjad karudia namba mwenyewe. Kaniita. Mzee Mwalim, hii 89 umeisomaje 62? Nikasema macho. Akauliza nani kaibadilisha, babu yake hakuwa mtu wa kutia kitu cha gari nyingine. Nikasema labda Mzee mwenyewe, labda aligonga pahala.

Haroub kaangua kicheko. Kasema Zulfiqar huyo huyo? Alokuwa akisimamisha gari kuku apite, tena anangoja na vifaranga? Wakacheka wote wawili. Na mie nikacheka.

Sajjad kasema taa ibaki mpaka apate ya 62.

Nimemsingizia maiti. Mama yangu alipokufa, sanda kanunua Mzee Zulfiqar.

Jumapili, 4/5

Nilifika kwa Jaribu. Hayupo, kenda kuchomwa sindano za safari. Mkewe, Bi Mwatum, kanitilia chai. Kashukuru nimekuja kumuaga mumewe, maana wengi hawaji. Nikanywa chai. Nikaondoka.

Ijumaa, 9/5

Baada ya sala Jaribu kaja tena bandani. Hakukaa.

"Haya, Haroub. Nilikugonga mie. Nisamehe."

Haroub katia sindano kwenye kitambaa. Kasimama, kwa mguu ule. Kamshika Jaribu mabegani, kalia kwa sauti. Miaka thelathini na tano. Sajjad katoka nje.

Mie nilikuwa namwangalia Jaribu. Macho yake yako chini, kwenye mchanga. Hajazoea kusema uongo.

Kisha kanigeukia. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Na wewe Mwalim, kama kuna pahala nilikukosea, nisamehe."

Nikasema nimekusamehe.

Mie!

Jumatatu, 12/5

Safari yake leo. Niliazimia nimkute peke yake baada ya alfajiri. Wapi. Kazungukwa na watu, wale wale walokuwa wakimkwepa njiani. Haroub kamshikilia mkono hamwachi. Wanasema Jaribu kaungama, Hija yake itakubaliwa. Kaungama! Anakwenda Makka na dhambi yangu, kaitia jina lake.

Nikisema sasa, nawavunja wote wawili siku ya safari. Nisiposema, yule mzee anakwenda hivyo, na huenda ndo hatuonani tena.

Sajjad kapiga simu. Morris inatembea, viti vimekwisha. Yeye na Haroub wanampeleka Jaribu bandari ya Mkoani kwenye boti, na mie niliyeisugua lazima niwemo.

Nimevaa kanzu. Wamefika, honi hiyo. Naandika nimesimama. Dirishani namwona Sajjad kwenye usukani, Haroub kando yake. Nyuma yuko Jaribu peke yake. Kaniona. Kasogea, anakipigapiga kiti, nikae.