Alama ya Goti

Mvumi, mwaka wa pili wa vita

Mdogo wangu Bartolomayo,

Mimi nina miaka sabini na kitu. Sotoka ilimaliza ng'ombe wa baba nikaiona, njaa mbili zimepita nikiwa hai, wake wawili nimewazika, na herufi nimejifunza uzeeni watu wakinicheka. Barua hii ni ya mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie.

Nakuamkia kwa Kigogo chetu, mbukwa. Kifua chako kimepoa? Mkeo Hana ameanza kula? Huku mtama umekauka. Najua huko Kibakwe matanga ya mwanetu Gideoni yamekwisha, na umeuliza, mwalimu kama Gideoni alifungwa kwa kosa gani.

Ni ile kriketi, mchezo wa mpira na gongo tulioachiwa na Waingereza wa shule ya misheni kabla Wadachi hawajawafunga. Gideoni alikuwa mwamuzi, anaamua kwa mikono bila kusema. Mimi niliandika mikimbio, maana nani mwingine hapa anajua kuhesabu kama mimi? Akipunga mkono, minne. Akiinua yote miwili, sita. Na kila alama mwandishi huijibu kwa kuinua mkono, kwamba ameelewa.

Askari Seleman akatuona kutoka mlimani, akamwambia mkubwa wake Mdachi kuwa tunapeana habari za vita. Mdachi akatuhoji kila mtu peke yake. Kwa alama zote majibu yetu yalikuwa mamoja, hata Seleman akanitania kwamba babu nafaa kufundisha askari. Ikabaki ya kugusa goti.

Ndugu yangu, hiyo sikuijua. Mwaka mzima Gideoni akigusa goti niliinua mkono nikaandika chochote, kwa sababu nilikwisha jisifu mbele ya shule nzima kuwa nazijua zote. Nikasema ni mpira uliopigwa vizuri. Kumbe Gideoni amesema ni mpira uliomgonga mchezaji mguuni. Mdachi akatukutanisha, akaniuliza tena. Gideoni akanisihi, baba mkubwa, niseme tu kwamba sijui. Nikashikilia langu. Mdachi akasema alama hiyo ndiyo ya siri, na mimi ni mzee niliyetumiwa tu, akaniachia.

Asubuhi Gideoni na wafungwa wengine walipitishwa kwa mnyororo wa shingo kwenda Kilimatinde, ambako alifia. Alipofika mbele yangu alisimama, akagusa goti. Nami nikainua mkono.

Msalimie Hana, kama atapokea salamu yangu.

Kaka yako,
Matonya

Jirani yangu Dorkasi alikuwa anapita na mtungi, aliona. Na Seleman ndiye aliyeshika mnyororo. Waulize hao kama sikuinua mkono.