Siku Kumi za Kisu cha Yunus

Jumamosi, 3 Agosti 2024
Yunus amekuja kutoka Dar. Mwanangu wa kwanza, anauza mikanda na tochi Kariakoo. Kaniletea kisu cha kukunja. Mpini wa titani — chepesi! Nilidhani plastiki. Anataka kuagiza maboksi mazima. Nifanye nacho kazi siku kumi hapa kwenye majaruba ya chumvi, halafu nimwambie ukweli. Nikikikubali, mama yake atampeleka ng'ombe mnadani huko kwetu Nzega, Jumatatu ya tarehe 12, ipatikane fedha ya maboksi hayo. Tumebaki na huyo mmoja tu. Nikamuuliza, kwa nini mimi? Kasema, baba, wewe hujui kusifia kitu.
Kweli.

Jumapili, 4 Agosti
Nimekata kamba za viroba tangu asubuhi. Makali yapo palepale. Kimeninyoa nywele za mkono. Ndani ya mpini kuna kilimi: ukifungua bapa kinalia tak, kinakaza, bapa halirudi. Kufunga unakisukuma kwa dole gumba. Kibanio nacho kizuri, nimeinama kutwa nakokota chumvi na kisu hakikudondoka mfukoni. Kitwana, ninayeshona naye viroba, kasema Mnyamwezi kapata kisu cha kukatia keki ya harusi. Mtani huyo! Chake ni kipande cha msumeno kilichofungwa mpira wa baiskeli. Kutu tupu. Lakini kinakata.

Jumanne, 6 Agosti
Mpini hauna hata doa. Hapa koleo jipya linaliwa na kutu upesi! Bapa lenyewe ni chuma, lina vidoa vya rangi ya chai karibu na skrubu. Nimesugua kwa mchanga, vikatoka. Nyufa za miguu zimeingia chumvi. Nalala.

Alhamisi, 8 Agosti
Kilimi hakilii kama siku ya kwanza. Kinakaza nusu, mpaka nikibonyeze kwa kidole. Chumvi, nadhani. Kinataka maji baridi, yasiyo na chumvi. Maji baridi hapa yanakuja kwa madumu, ya kunywa na ya kutawadhia. Nani atayamwaga kwenye kisu?
Yunus kapiga. Baba, umeona kasoro? Nikasema bado. Limenitoka tu. Kacheka kwa furaha, kasema basi anamwambia mama ajiandae. Sikumsahihisha.

Ijumaa, 9 Agosti
Aibu yangu leo. Ilikuwa hitima ya marehemu mama yake Mzee Mtoro, msimamizi wetu. Baada ya sala mbuzi akalazwa, kaelekezwa kibla, wameshamshika. Mzee Pazi ndiye mchinjaji, na mpini wa kisu chake ukamkatikia mkononi. Watu wakaanza kutafuta kisu kingine. Mimi na kiherehere changu nikatoa cha Yunus. Nikamwambia, mzee, hiki kinanyoa.
Pazi akakigeuza. Cha kujikunja?
Nikasema kina kilimi, hakirudi.
Kaanza kwa bismillahi. Katikati ya shingo bapa likarudi, likamkata kidole cha shahada. Akainua mkono. Bi Batuli, aliyekuwa akipika, akatoka mbio na kisu cha jikoni, Pazi akamalizia na damu yake ikichuruzika.
Hapo ndipo pakawa na maneno. Kuchinja hakutakiwi kukatizwa. Mzee Mtoro kasema mkono umerudi palepale, nyama ni halali. Pazi kasema, mwenye kula ale, mimi nina shaka. Akaenda zake. Nani atakula nyama aliyoikataa mchinjaji? Wageni wamekula wali na maharage. Kwenye hitima ya mama wa mtu!
Kitwana kaniambia, mtani, kisu chako kimeogopa damu. Mara hii sikucheka.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimekwenda kwa Mzee Pazi. Shikamoo. Marahaba. Kidole kimevimba, kakifunga kitambaa. Nikaomba radhi. Kasema kazi ya Mungu. Nikamweleza habari ya mwanangu na ng'ombe. Kasema, kisu chenyewe si kibaya. Kinataka mtu mwenye maji.
Mzee Mtoro hajanisemesha tangu jana.

Jumapili, 11 Agosti
Nimekipeleka kwa fundi baiskeli, kakifungua skrubu. Nyuma ya kilimi chumvi imeganda kama jiwe. Kasema ungekisuuza kila siku kisingefanya hivi. Sawa, kosa langu. Lakini Yunus hatawauzia watu wa ofisini. Alisema mwenyewe, wavuvi, vibarua, wapara samaki. Watu kama mimi. Wangapi watasuuza?
Sikumpigia. Vocha ilikuwapo.

Jumatatu, 12 Agosti
Mina, mama yake Yunus, kanipigia alfajiri. Kashatoka nyumbani na ng'ombe, anasema mnyama anagoma kutembea, anageuka geuka. Kaniuliza, baba Yunus, kisu ni kizuri kweli? Nikasema nitampigia Yunus mwenyewe sasa hivi. Kasema fanya haraka, ng'ombe akifika mnadani madalali hawatamwachia arudi.
Saa mbili sasa. Nimekisuuza kwa maji yangu ya kunywa, kikombe kizima. Nimekifungua — tak! Kama kipya. Nimekikandamiza kwenye gogo. Kimekaa. Mara ya pili, kwa nguvu zote. Kimekaa.
Nimekitumbukiza kwenye jaruba, nikakianika juani mpaka kikaota weupe. Nimekifungua. Kimya. Hakikulia kitu.
Angekuwa mtoto wa mwenzangu ningeshamwambia tangu Alhamisi.
Simu inaita. Yunus. Kitwana anasema pokea basi, unatupigia kelele. Gogo liko hapa, kisu kiko wazi, sijakikandamiza bado.