Nilipokataa Kusaini wa Kwanza

Alhamisi jioni, Nyahanga. Jua la leo limetuchoma bila huruma na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria, lakini mimi nina raha zangu.

Nina kiburi pia. Acha niandike hivyo hivyo.

Tangu njia ya Kahama–Geita ifunguliwe kwa kila mwenye gari dogo, michomoko ya kubeba abiria watano sita imejaa stendi na nauli imeshuka. Siwalaumu abiria, mdogo wangu mwenyewe huipanda. Ila mabasi yetu yanatoka nusu tupu, na bosi amepaki mawili kati ya manne. Jumatatu akaja na mikataba mipya: mshahara wa mwezi basi, dereva atalipwa kwa safari. Gari lisipotoka, hupati kitu.

Akaniita ofisini peke yangu.

"Mama Kulwa, wewe ndiye mkubwa wao. Ukisaini, wenzako watafuata. Mshahara wako sitaugusa, ila yabaki kati yetu."

Nakiri, kalamu niliishika. Kulwa na Doto wako sekondari, na mwanamke wa umri wangu akinyang'anywa usukani, nani atampa mwingine? Lakini madereva wenzangu watatu huniamkia shikamoo kila alfajiri. Masanja, wa mwisho kuajiriwa, nilimfundisha njia ile mwenyewe, na mkewe kajifungua juzi. Bosi alitaka kuutumia ukubwa wangu kuwanasa.

Nikaiweka kalamu mezani. "Bosi, mimi nitasaini wa mwisho."

Nikawaeleza wenzangu yote, hata hilo la mshahara wangu. Nilidhani watanichukia. Masanja akasema tu, "Basi twende wote, mama."

Leo tumeingia wanne. Tukamwambia mshahara wa mwezi ubaki, mabasi mawili yanayotembea tuyaendeshe kwa zamu, wiki kwa wiki, na kila mmoja achukue nusu yake. Amenuna, amezunguka chumba, mwishowe amekubali. Tumesaini hayo, na hakuna aliyeachishwa kazi.

Nusu mshahara inauma, sidanganyi. Nyama itakuwa ya Jumapili tu. Na michomoko ipo, huenda mwakani tukarudi ofisini humo humo.

Zamu zinaanza kesho. Wa kwanza kukaa nyumbani ni mimi, nimejitolea. Saa kumi na mbili asubuhi gari langu litatoka stendi, Masanja kwenye usukani.

Miaka yote niliyoendesha, sijawahi kujiona dereva kama leo.